Mwalimu na Ua la Mteremkoni kwa Mama

Nianze na hili, maana likibaki moyoni halitanipa nafasi ya kusema jema lolote: Mwalimu alinichosha. Namheshimu, na hata leo nikienda kwake shikamoo hunitoka kabla sijafika mlangoni. Lakini kuna wakati simu yake ikiita nilikuwa naitazama tu mpaka inakata. Sitaki kumchora kama malaika. Wapo watakaofanya hivyo siku ya msiba wake, na watapewa kipaza sauti.

Alinifundisha baiolojia sekondari, huko nyanda za juu kusini, kwenye darasa ambalo asubuhi tulikuwa tunaandika tumevaa soksi mikononi. Baadaye mie nikateremka Dar, nikaangukia Keko, nashona makava ya makochi kwenye kibanda kilichobanwa na mafundi seremala pande zote. Yeye alipostaafu wanawe wakamjengea nyumba ndogo nyuma ya kwao, Kijichi. Tulikutana tena kanisani. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Wewe ulikaa dawati la dirishani, na ubao ulikuwa hufuti vizuri." Jina langu hakulitaja siku ile. Alilitaja Jumapili iliyofuata, alipokuwa na hakika nalo.

Sasa nieleze shida yenyewe ilivyo, maana bila hiyo mtu atashangaa kwa nini nina hasira na mzee asiyemkosea mtu.

Mama yangu ana mteremko kule nyumbani, juu kabisa, mahali ambapo ukungu ukishuka huoni ng'ombe wako mwenyewe. Hapalimwi. Mvua zikikolea hapo hutoka okidi nyekundu, zinasimama kwenye majani kila mahali. Watu wa mradi mmoja wa kulinda mimea walipita, wakaziona, wakamwambia mama kwamba okidi za namna ile wapo ndugu watatu, wanafanana mno, wawili ni wa kawaida na mmoja ni adimu. Kama za kwake ni yule adimu, wao watauwekea mteremko mipaka na hakuna jembe litakaloingia. Kama siye, basi, samahani mama. Wao hawana muda wa kukaa kusubiri maua, kwa hiyo atafutwe mtu anayeaminika atamke. Na mtu aliyeaminika kwa okidi za milima ile, waliyemtaja wao wenyewe, alikuwa Mwalimu.

Upande wa pili yupo mdogo wangu wa kiume. Huyo anautaka mteremko apande paini. Simlaumu sana, kule kila mwenye akili anapanda paini, na mie mwenyewe nakula kwa paini. Makochi yote ninayoyavisha, ndani yake ni mbao za kwetu zilizoshuka na malori mpaka Keko. Lakini mama aliita ukoo, akasema neno lake: mpaka Mwalimu aseme. Akisema ni adimu, mteremko unabaki. Akisema ni wa kawaida, mdogo wangu achukue jembe. Asiposema, hakuna kugusa. Na kwa kuwa mie ndiye niko Dar karibu na Mwalimu, kazi ya kumsemesha ikaniangukia mie.

Kumsemesha Mwalimu. Heri ningeambiwa nimfundishe jogoo kuchelewa kuwika.

Mtu huyu hatoi jina kwa kitu ambacho hajakijua. Watoto wa jirani yake ni mapacha, wasichana, sura moja, nywele moja, gauni moja. Mtaa mzima hubahatisha, ukikosea wanacheka na mambo yanakwisha. Mwalimu hakubahatisha. Aliwaita "mwanangu" wote wawili, muda mrefu, mpaka mama yao akahisi mzee anawabagua. Kumbe alikuwa anawatazama. Siku moja akamwita mmoja kwa jina lake, binti mwenyewe akiwa amempa mgongo, mbali, kule bombani. Nilipomuuliza alijuaje, akaniambia yule akisimama huweka uzito mguu wa kushoto. Tangu hapo hajawahi kuwachanganya, na wasichana wale wanamwogopa kidogo.

"Jina ukishalitoa halirudi," ndiyo kauli yake. "Utarudi kusahihisha, lakini waliokwishasikia la kwanza hawatarudi kusikiliza."

Kanisani waliwahi kununua maua ya plastiki ya madhabahuni, mazuri, ya bei, na katikati kuna okidi nyeupe. Kila mtu alisifu. Mwalimu baada ya ibada akapanda mpaka mbele, akavaa miwani, akayachungulia, halafu akamwambia mzee wa kanisa kwamba ua lile lina mdomo wa okidi ya Asia na kikonyo cha yungiyungi, kwa hiyo aliyelitengeneza ni mwongo mara mbili. Mzee wa kanisa alisema, "Mwalimu, hili ni plastiki." Akajibu, "Hata plastiki iseme kweli." Tulicheka wiki nzima. Mie nilicheka kuliko wote, kabla sijajua kwamba kicheko hicho nitakuja kukilipia.

Ungedhani mtu wa namna hiyo ni mpole na mvumilivu. Thubutu. Shuleni alikuwa anafunga mlango kengele ikilia, na ukichelewa hatua moja unasikiliza somo dirishani na baridi lako. Alimfungia nje hata mkuu wa shule. Mpaka leo akikwambia saa nne ukaja saa nne na nusu, unamkuta amevaa kofia anatoka, hata kama hana pa kwenda. Sasa mtu huyohuyo, ambaye hakuweza kusamehe dakika, ndiye aliyetuweka ukoo mzima tunasubiri misimu kwa misimu. Hili ndilo lililokuwa linanitoa jasho. Wanasema subira yavuta heri, lakini ile ya Mwalimu ilinivutia lawama tu.

Barazani kwake ana friji la soda, lile la mlango wa kioo, alilolinunua kwa mwenye grosari aliyefilisika. Hakuna soda ndani. Kuna vikopo vya udongo na okidi za baridi, alizoletewa na wanafunzi wake wa zamani kidogokidogo. Jioni anaziingiza, asubuhi anazitoa zipate mwanga kivulini, akidai zikikosa usiku wa baridi zinasahau kwao. Wapita njia husimama kuulizia soda. Anawajibu kwa adabu kabisa kwamba hauzi, halafu anawaeleza mimea ile mmoja mmoja, na mtu aliyekuja na kiu yake anaondoka na mhadhara. Umeme ukikatika anakaa pembeni ya friji na kupiga simu za malalamiko kama mtu mwenye mgonjwa chumba cha upasuaji. Nyingi zilikufa. Joto la Temeke halina utani. Zikifa hazitupi, anazikausha katikati ya magazeti na kuziwekea matofali juu.

Nilimpeleka mara moja Msasani, kwa mteja wangu mmoja, mama tajiri mwenye okidi za duka sebuleni, aliyesikia nina mwalimu wa maua. Nilitaka nijipendekeze, nisiseme uongo. Tukapewa juisi ya ukwaju. Mwalimu akazitazama zile okidi, akasema ni nzuri, ni wageni, na zinamwagiliwa maji kupita kiasi. Yule mama akauliza, "Kwa hiyo hii ya zambarau inaitwaje?" Akasema hajui. Mwenye nyumba akasema aliambiwa dukani jina fulani. Mwalimu akasema, "Basi muulize aliyekuuzia." Mteja yule kava zake za makochi alizipeleka kwa mwingine.

Haya, turudi mteremkoni.

Nilianza na picha. Mdogo wangu alipiga kwa simu, nyingi, mbele, nyuma, juu. Nikaenda nazo Kijichi nikiwa na furaha ya kumaliza kazi. Mwalimu alizikuza kwa vidole, akazirudia, akaniwekea simu mapajani. "Kofia naiona," akasema. "Mkia wa nyuma nauona. Hivyo wote watatu wanavyo. Wanaachana ndani ya kofia, kwenye vijipande viwili vidogo vilivyojificha. Mmoja vina meno, mmoja vimejikunja, mmoja vimechanika nchani. Kamera haiingii humo. Inabidi ua bichi, mkononi, nilifungue mwenyewe."

"Mdogo wangu si anaweza kulifungua akapiga picha?"

"Anaweza. Na mdogo wako anataka nini?"

Nikaichukua simu yangu. Jibu alikuwa nalo, na mie nilikuwa nalo.

Ua bichi halifiki Dar. Safari ni ndefu, basi lina joto, na ua lile likikaa nje ya baridi linalegea mpaka huwezi kulifungua bila kulichana. Akasema basi liwekwe kwenye pombe kali, litashika umbo. Nikampigia mama. Nilisahau kwamba mama ni mzee wa kanisa. Aende kilabuni kununua gongo, yeye, mbele ya watu anaowafundisha kipaimara? Hakubishana nami, alisema sawa mwanangu. Kilichofika Ubungo ni kichupa cha mafuta ya alizeti, na ndani ua limelala, la kahawia, limelegea. Nilipompigia akaniambia kwa utulivu kabisa, "Mafuta nayo yanahifadhi. Mbona nyama tunahifadhi?"

Nilimpelekea Mwalimu nikiwa nimekata tamaa tayari. Alilitoa lile ua kwa koleo, akalilaza kwenye kisahani, akaliinamia muda mrefu na lenzi yake. Mie nikaenda kumsaidia mkwewe kuchambua mchicha. Niliporudi alikuwa amekwisha kulirudisha kwenye mafuta. "Sijaliona ua bichi," akasema. Hakuongeza neno, akaulizia hali ya mama.

Msimu uliofuata tukakubaliana litumwe shina zima na udongo wake, ndani ya ndoo, alipande mwenyewe kwenye friji lichanue mbele ya macho yake. Nilieleza kwa simu mara nyingi. Nilisema mama, nataka okidi yenyewe, nzima. Mama akasema nimeelewa. Nikaenda Ubungo mwenyewe kupokea mzigo, nikafungua palepale stendi kwa kiherehere. Viazi. Viazi vya okidi, vimeoshwa, vimemenywa, vyeupe, vimefungwa kwenye kitambaa safi na chumvi pembeni. Majani na maua yamekatwa yote yakatupwa.

Sasa mtu wa pwani hataelewa, lakini wa kwetu ataelewa na atanionea huruma. Kule kwetu ukitaja okidi, unataja kiazi. Kiazi ndicho kinachochimbwa, kinatwangwa, kinapikwa, wachuuzi wanakifuata na magunia wakakiuze ng'ambo ya mpaka. Ua ni alama tu ya kukuonyesha pa kuchimba. Mama alipoambiwa mtu wa mjini anataka okidi yenyewe, nzima, akamtumia yenyewe, na kwa heshima ya Mwalimu akaimenya. Nilikaa kwenye benchi la stendi nikalia. Msimu ndiyo ulikuwa umekwisha.

Nilitegemea Mwalimu atafoka. Huyu ni mtu aliyewahi kumchapa mwenzetu kwa kuita kikonyo shina. Alifungua kitambaa, akavigeuza vile viazi kimoja kimoja kutafuta chenye jicho hai, hakuna. Akatabasamu. "Mama yako ni mwanamke safi sana," akasema. "Mwakani." Nami nikamjibu vibaya. Nilimwambia kwake ni mwakani tu, hajui kule nyumbani mdogo wangu ananiitaje, kwamba nimekula njama na mzee wa friji, kwamba sitaki ndugu zangu wapate, kwamba nimekuwa wa mjini. Mama mwenyewe hazungumzi na mwanawe siku nyingine, na yote ni kwa sababu ya jina moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisindikiza hadi barabarani, akarudi zake taratibu na bakora yake.

Mdogo wangu naye hakulala. Alikwisha kuotesha miche ya paini kwenye viriba, ikakua mpaka ikapitiliza, akaigawa kwa majirani, akaotesha mingine. Akinipigia haanzi tena na salamu. "Dada, mie nimechoka. Nyie wasomi mnanichezea." Mie msomi, ninayeshona kava Keko. Lakini ndivyo alivyoniona, na sikuwa na la kujitetea, kwa sababu na mie nilikuwa nafikiri hivyohivyo kuhusu Mwalimu. Nilianza kuamini kwamba mzee hajui. Kwamba zamani alijua, uzee umekula, na anaona aibu kusema. Wazo hilo lilinitia huruma na kunitia hasira kwa wakati mmoja.

Mwezi uliopita nilipata habari kwamba anaumwa. Sukari imempanda, mguu umevimba. Nikafunga kibanda mchana nikaenda. Nilimkuta sebuleni kwenye godoro, amedhoofu, mabega yamekuwa madogo ndani ya fulana. Mkwewe akatuletea chai akatuacha. Nilikuwa nimejiapiza njiani kwamba sitauliza. Ametulia, ananiuliza habari za kazi, na mie mdomo ukanitoka wenyewe.

"Mwalimu, nisamehe, najua unaumwa. Kama hujui, niambie hujui. Niende nikawaambie nyumbani hujui, tugawane lawama yaishe."

Akafumba macho. Nilidhani nimemuudhi.

"Ni yule wa kawaida," akasema.

"Nani?"

"Okidi ya mama yako. Vijipande vimechanika nchani. Ni yule anayeota mpaka kando ya barabara."

Nikamuuliza amejua lini. Akasema tangu lile ua la kwenye mafuta. Misimu yote ile. Ndoo, viazi, matusi ya simu, Krismasi niliyoshindwa kwenda nyumbani kwa kukwepa maneno. Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa ya mwanafunzi, kwamba alitufundisha kusema kweli hata ikiuma, na yeye amenidanganya.

"Nilikwambia nini siku ile?"

"Kwamba hujaliona ua bichi."

"Sijaliona mpaka leo. Mama yako alisema mpaka niseme. Na hakuna aliyenipa saa ya kusema." Akapumua kidogo. "Ningetamka, mteremko ungelimwa wiki ileile. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Bonde la pili walikwisha kuchimba okidi zote, zimeliwa. La tatu limejaa paini. Huyo wa kawaida, binti, ameanza kuwa wa kawaida kwenye vitabu tu. Watu wa mradi wanataka adimu. Nikiwaambia mngojee kidogo, mtamkuta adimu, watanielewa? Sikuwa na njia nyingine. Uongo siwezi. Nikaona nichelewe."

Nilitaka kumwambia ni ujanja, na ni ujanja kweli. Nilitaka kumwambia mteremko si wake, na si wake kweli. Nikamwambia la moyoni. "Aliyetukanwa ni mie, Mwalimu. Wewe ulikaa hapa na friji lako. Mie ndiye niliyekuwa mlangoni."

"Najua," akasema. "Nisamehe." Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, darasani wala nje. Halafu akaongeza, kana kwamba ananipa kitabu nikirudishe maktaba, "Sasa unalo wewe. Fanya unavyoona."

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko wakati wowote. Bora angenificha mpaka kaburini. Nilikuwa nimekuja kuutua mzigo, sasa ananiongezea na wa kwake. Nilikaa nikiitazama chai inapoa, nikimwaza mama, akitembea na fimbo yake pale mteremkoni asubuhi, na nikamwaza mdogo wangu na viriba vyake, ambaye naye ana watoto wa kusomesha na hajamkosea mtu. Simu ikaita. Ni mdogo wangu. Mkwe wa Mwalimu alikuwa amempigia mama kumwambia kwamba nimekuja, na mama akamwambia yeye.

"Dada, uko kwake?"

"Niko kwake."

"Amesema?"

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa amegeukia ukutani, anajifanya amelala, mzee yule.

"Hajaliona ua bichi," nikasema.

Mdogo wangu hakuwa na ukali, alikuwa amechoka tu. "Dada, huyo mzee anaumwa. Akifa je? Nani atasema?"

Sikujua kwamba jibu ninalo mpaka nilipolisikia.

"Mie," nikamwambia. "Mie nimesoma kwake."